Alama Chini ya Turubai

Jumatatu, 4 Novemba

Jina langu limo! Gladness Maige, Tanzania, orodha ya mchujo. Kocha Nestory alinitumia picha asubuhi, nikaikuza kwenye simu mpaka herufi zikapasuka. Mashindano ya kulipwa, ya dunia, hapa hapa Mwanza, kwenye viwanja vile vile vya udongo pale Capri Point nilipojifunzia kushika raketi.

Nilifurahi kama dakika tano. Halafu nikakumbuka Nairobi.

Nairobi nilitolewa mechi ya kwanza, lakini angalau kule hakuna aliyenijua. Hapa hata muuza karanga wa getini ananijua. Msichana wa mita moja na tisini na tatu ajifiche wapi?

Mambo yenyewe ni haya: nikishinda mechi mbili za mchujo, naingia droo kuu, yaani mashindano yenyewe. Kituo cha tenisi cha Nairobi wamemwambia Kocha, akiingia droo kuu mlete Januari, asipoingia tutaona. Hiyo "tutaona" ya watu wa michezo naijua. Ndiyo kwaheri yao.

Kocha hakuacha kunikumbusha ya Nairobi. Kwenye mchujo hakuna waamuzi wa mistari. Kila mchezaji anaamua mipira ya upande wake, na refa mmoja anazungukia viwanja vyote. Yule dada aliyenitoa Nairobi, mtu mzima, aliita sevu zangu, mipira yangu ya kuanzisha, "nje, nje", mimi naitikia kwa kichwa kama niko darasani! Na kwenye udongo mpira unaacha alama. Nilikuwa na haki ya kuvuka upande wake nikaiangalie. Sikuvuka hata mara moja. Kocha anasema mechi ile niliipoteza kwa adabu. Uwanjani, anasema, hakuna shikamoo.

Rahisi kwake. Hakulelewa na mama yangu.

Jumatano, 6 Novemba

Wageni wameanza kufika. Wana mabegi makubwa kuliko kabati letu. Leo wakati nasevu, Mbelgiji mmoja alisimama akanirekodi kwa simu. Nikainama. Sijui kwa nini nainama, ni mazoea — tangu darasa la nne nainama kwenye picha, kanisani, dukani. Kocha akapiga kelele: nyooka! Mungu kakupa urefu, wewe unamrudishia!

Nilivyonyooka, mipira mitatu mfululizo hakuna aliyeigusa. Sauti ya pigo lenyewe hata mimi inanitisha. Ukiniuliza ninachojua duniani ni hicho kimoja tu: kurusha mpira juu na kuupiga kutokea kule juu ambako wenzangu hawafiki. Vingine vyote nakisia.

Baba huko karakana ameshawaambia wateja wote. Kila anayekuja Igoma kuagiza geti anaondoka anajua sheria za tenisi, tena zile za Baba, ambazo siyo.

Mchana wadudu wa ziwani walikuja wingu zima, tukaacha mazoezi. Mmoja kaniingia mdomoni. Nimemeza.

Alhamisi, 7 Novemba

Anti Aoko amefika kutoka Musoma! Na yeye amo kwenye mchujo. Ana miaka thelathini na nane. Alikuwa bingwa wa nchi mara sijui ngapi, na hajawahi kucheza mashindano ya dunia kwenye ardhi ya nyumbani kwa sababu hayajawahi kuwapo. Anasema haya ndiyo ya mwisho. Anataka droo kuu mara moja tu, watoto wake waone, kisha atundike raketi.

Nilipiga goti kumsalimu pale mlangoni kama siku zote. Marahaba, mwanangu, inuka bwana, nikuone — umerefuka tena? Akacheka kile kicheko chake cha kifuani. Raketi yangu ya kwanza ni yake. Sevu yangu ni yake. Ni yeye aliyemwambia Mama, mtoto huyu msimwache kwenye netiboli, atawaumiza wenzake bure.

Hafikii hotelini, anafikia kwetu, ndivyo ilivyo miaka yote. Kwa hiyo kapewa kitanda changu, kile Baba alichokiunga vyuma ili miguu itoshe. Mimi niko chini kwenye godoro la wageni, miguu iko koridoni. Baba akipita ananiruka.

Mama kafurahi mno, anamwambia Anti, "Mama Sharon, jione uko kwako." Wanaongea jikoni mpaka ugali unaungua.

Jumamosi, 9 Novemba

Droo imetoka. Mungu wangu.

Mimi kwanza na Mganda. Anti kwanza na yule Mbelgiji wa simu. Tukishinda sote, mechi ya pili ni mimi na Anti. Anayeshinda anaingia. Mwingine anafungasha.

Kocha aliiangalia ile karatasi kwa muda mrefu, akaikunja mara nne akaitia mfukoni.

Nimejikuta naomba Anti afungwe kesho. Kisha nikaona aibu nikaomba afungwe kwa heshima. Kisha nikaacha kuomba kabisa.

Mama kashajua. Alinikuta naanua nguo, akaanza kwa upole. Mama Sharon ndiye aliyekushika mkono, unajua. Najua, Mama. Ukimshinda, mshinde, ni mchezo. Lakini mambo ya kumvukia upande wake, kumkagulia mpira wake mbele za watu — ni kumwita muongo! Mtu anayelala kwangu! Mimi nitapita wapi Igoma hii?

Nikasema sawa. Mimi ni hodari wa kusema sawa.

Jumapili, 10 Novemba

Nimeshinda. 6–2, 6–3. Mganda hakuona mpira. Lakini mara moja aliita "nje" mpira uliokuwa ndani, nikaitikia kwa kichwa, na pale jukwaani Kocha akajifunika uso kwa kofia.

Halafu nikapanda kumwangalia Anti. Heri nisingepanda.

Alicheza vizuri jamani! Miguu imechoka lakini mikono ina akili. Anaukata mpira, anaudondosha nyuma ya wavu, Mbelgiji anakimbia mpaka anajikanyaga mwenyewe. Tatizo ni mistari. Mara mbili Anti aliposema "nje", Mbelgiji alimwita refa. Mara ya kwanza wakaenda kuangalia, alama ilikuwa ndani wazi kabisa. Anti akasema samahani, akatoa pointi, bila ubishi. Mara ya pili alama haikujulikana ni ipi. Watu wetu wakamzomea Mbelgiji. Mlalamishi! Rudi kwenu!

Mimi sikuzomea. Nilikuwa juu, nikiwa nimekaa ni kama wengine wamesimama, na niliona. Ile ya pili pia ilikuwa ndani. Kwa kiganja kizima. Na kuna nyingine ambazo hata Mbelgiji hakuuliza.

Anti si mwizi. Naandika tena: Anti si mwizi. Alinifundisha mwenyewe, ukiwa na wasiwasi mpe mwenzako. Sasa ni nini? Kutaka sana kunaweza kumbadilisha mtu hivyo? Maana hata mimi nataka sana.

Alishinda kwenye taibreki, 10–8.

Chakula cha jioni: sato, ugali, mlenda. Watu wanne, vijiko tu vinasikika. Baba alipoombea chakula akataka kuombea na mechi. "Bwana, na hiyo kesho… wale watoto wako wawili…" Akakwama. Akasema Amina. Anti peke yake ndiye aliyecheka.

Jumatatu, 11 Novemba

Asubuhi. Nimeamka Anti ameshaoga. Amepiga pasi sketi yake na yangu. Kaiweka yangu juu ya raketi, imekunjwa vizuri.

Baba anatupeleka wote wawili kwa gari lake la kubebea vyuma. Nakaa nyuma.

Baadaye. Chumba cha kubadilishia nguo. Mvua.

Niandike haraka, sijui itanyesha mpaka lini.

Mechi haijaisha. Nianze mwanzo. Pale kwenye wavu nilimpigia Anti goti. Sikupanga! Lilienda lenyewe. Jukwaa zima likacheka, wengine wakapiga makofi, na nikamwona Mama chini ya mwavuli wake anatabasamu. Kocha hakutabasamu.

Seti ya kwanza yake, 6–4. Aliita "nje" sevu zangu ambazo mimi najua zilipoanguka. Kila moja nikaitikia kwa kichwa. Seti ya pili nikapiga mpaka bega likalia, 6–4 yangu. Kwenye mchujo seti ya tatu haipo, mnakwenda taibreki ya pointi kumi. Wa kwanza kufika kumi, akimwacha mwenzake kwa mbili, anaingia.

Nikafika tisa. Yeye nane. Sevu yangu.

Wingu lilikuwa limeshaufunika mlima. Nikarusha mpira, nikanyooka kuliko nilivyowahi kunyooka, nikaupiga katikati. Ndani. Ndani! Anti hakuinua raketi. Alisimama tu. Kisha kidole juu: "Nje!"

Kama ni ndani, mechi imeisha, nimeingia. Kama ni nje, napiga sevu ya pili na bega hili.

Nikainua mkono. Mimi! Nikasema, "Naomba…" Nilimtafuta Mama bila kutaka. Hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anaangalia mikono yake.

Refa akaja mbio. Unaomba alama? Nikafungua mdomo, radi ikapiga, na ziwa lote likatumwagikia. Wafanyakazi wa uwanja wakakimbilia turubai, wakalitandaza upande wote wa Anti. Refa amelowa chapachapa ananielezea: alama iko chini pale, haitaguswa. Mvua ikikata nitakuuliza. Unakubali uamuzi wake, au unavuka kuangalia?

Sasa tuko humu, mimi na Anti. Benchi mbili zinazotazamana. Magoti yangu karibu yanagusa ya kwake. Mama alitufungia chupa moja ya chai na vikombe viwili. Anti akamimina, akanipa mimi kwanza. Nikasema asante, Anti. Tukanywa.

Simu yake ikalia. Akaiangalia, akaisogeza mbali, akaileta karibu, akaigeuzia kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akanipa. Nisomee, mwanangu, ukungu huu.

Humu hamna ukungu.

Ni ujumbe wa Sharon, bintiye. Nikamsomea kwa sauti: "Mama umeingia? Tuko wote kwa bibi tunasubiri, hata mwalimu kauliza." Anti akatikisa kichwa. Mwambie bado. Nikaandika bado. Nikatuma. Kwa kidole changu mwenyewe!

Nikamwangalia. Yeye alikuwa anaangalia mahali nilipo, lakini kidogo pembeni, kama mtu anayesikiliza redio. Kila kitu kikanijia kwa pamoja na nikatamani kisije. Mbelgiji. Ile alama iliyokuwa ndani wazi kabisa. Samahani yake ya haraka.

Sijawahi kumuuliza mtu mzima swali kama lile. Nikasema: Anti, ile ya mwisho — uliiona?

Mvua inapiga bati. Anti akaanza kukaza kamba za viatu vyake.

"Niliisikia," akasema.

Mistari ya huku ni ya plastiki, imepigiliwa misumari. Mpira ukiigonga inalia, pa! Ile ya mwisho haikulia, Gladi, akasema. Ingelia ningekupa. Zote zilizolia nimekupa.

Na ni kweli. Amenipa zote zilizolia. Lakini ule mpira haukugonga mstari. Uliingia ndani yake kwa kiganja, kwenye udongo mtupu, na udongo haulii, uwe ndani uwe nje. Kumbe ndivyo amekuwa akicheza: mpira wa karibu na mstari anauamua kwa sikio. Mechi nzima. Na ile ya jana. Tangu lini? Nani anajua, Sharon anajua?

Nikivuka, refa ataiona alama, na jukwaa zima litamwona yeye. Watasema mwizi au watasema kipofu, na sijui lipi litamuumiza zaidi. Nisipovuka, hakuna Januari. Na bado inabidi nisevu tena, kwa mtu asiyeuona vizuri mpira wangu, na nisubiri aniambie ulipoangukia.

Nataka kulia. Namkasirikia! Angesema tu. Angeniambia juzi jikoni, jana, asubuhi kwenye gari. Nami ningefanya nini? Ningesema sawa.

Mvua inapungua. Nasikia wanakunja turubai, Kocha anawapigia kelele walinyanyue, wasiliburute.

Anti ameweka kikombe chini. Anasema, mwanangu, wewe fanya vile Kocha wako kakufundisha. Nikamwambia, wewe ndiye uliyenifundisha.

Refa yuko mlangoni. Alama ipo, anasema, kavu kabisa. Haya, Gladness, unavuka?

Anti bado anakaza kamba zile zile. Naandika ili nisijibu. Ananiuliza tena.