Taa za Basi la Signe

Duluth, 4 Mei

Kwako Baba,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi na mbwa wangu Olle hatujambo.

Lile basi kuukuu la shule nililonunua nimeshalitia kitanda na jiko. Kinachonisumbua ni taa za kusimamisha magari. Jana nilifungua mlango mbele ya duka la mikate, taa nyekundu zikawaka zenyewe, magari yakasimama pande zote mbili yakisubiri watoto washuke. Akashuka Olle, akakojolea nguzo. Polisi alicheka, ila kasema basi lisilobeba wanafunzi haliruhusiwi kuwa na taa hizo, nizitoe kabla sijaondoka mjini. Naogopa nikikata waya nitazima na za breki.

Njoo unisaidie, kisha twende wote Montana. Tangu Mama afariki umejifungia humo ndani, nami naumia.

Binti yako,
Signe

Bagley, 11 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lile lile, mvua ikija linanikumbuka. Nimecheka habari za Olle mpaka kahawa ikanipalia.

Usikate ovyo. Juu ya mlango kuna swichi ndogo, ndiyo inayoziwasha. Fuata waya wake mpaka kwenye kisanduku nyuma ya kiti cha dereva, uchomoe hicho tu. Za breki zina njia yake. Kisha toa taa zote, uzibe matundu kwa bati.

Kuja siwezi. Miaka yote niliyoendesha basi, taa zile ndizo zilizonilindia watoto wa watu. Sina moyo wa kuziona zikitupwa jalalani. Nenda salama.

Baba yako

Duluth, 3 Juni

Baba,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa kujibu. Goti linaendeleaje?

Taa za breki ni nzima, basi limepita ukaguzi. Nje haikubaki hata moja ya zile za kusimamisha magari. Lakini sikuzitupa. Moja nimeifunga ndani, juu ya jiko, nikaiunganisha na ile swichi yako. Mlango ukifunguliwa, inawaka.

Kiti cha mbele Olle anakitaka, namfukuza. Jumamosi asubuhi nitapita kwako. Usipotoka nitaelewa, ila nitalia njia nzima mpaka mji wa Fargo.

Signe

Bagley, 6 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sote wazima, mimi na goti. Nyumba nimeifunga, funguo anazo jirani.

Utanikuta kwenye sanduku la barua kando ya barabara, pale pale ulipokuwa ukisimama na mkoba wako ukingoja basi langu. Unakumbuka nilivyokuwa nikiwafokea: taa haijawaka, mtu asisogee. Basi na mimi ndivyo. Fungua mlango nichungulie ndani. Isipowaka, sipandi.

Baba