Ukungu wa Kreta

Mdogo wangu Neema,

Natumaini mvua haijayakuta maharage yako uani. Hapa Karatu baridi inapenya mpaka kwenye mifupa.

Leo asubuhi mwenyeji wangu, Mama Paulina, alinipeleka ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Ukungu ulikuwa mzito, tukasubiri. Baadaye nikasikia wageni wakihesabu tembo kule chini. Nikamwambia, "Mimi bado nasubiri ukungu uondoke." Akaniangalia. "Dada, mbona umeshaondoka zamani."

Akaniziba jicho la kulia, kisha la kushoto. Kabla ya kustaafu alikuwa muuguzi wa macho, kwa hiyo alijua: ni mtoto wa jicho. Anasema protini za lenzi ni zilezile tulizozaliwa nazo. Miaka, jua na moshi wa kuni huziharibu kidogo kidogo, kama hewa inavyotia chuma kutu, mpaka zinagandamana na kuwa nyeupe kama ute wa yai lililoiva. Ute huo haurudi tena kuwa maji. Dawa yake ni kutoa lenzi hiyo na kuweka ya bandia.

Nimeitikia, lakini naogopa kisu, Neema. Naogopa zaidi kuwa kama mama, aliyetuficha maradhi mpaka akawa anatutambua kwa kutupapasa nyuso. Mimi sikufichi.

Usishangae herufi kubwa hizi. Wasalimie wajukuu. Nikifika, uwaketishe mlangoni penye mwanga, niwatazame mmoja mmoja.

Dada yako,
Eliza