Komeo la Nje

Ibra, Jumatano baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili, roho ndiyo kwanza inaanza kutulia. Natumai magoti yameacha kukusumbua, na kwamba ile dawa unainywa kweli, huifichi chini ya godoro kama ulivyozoea. Utashangaa kupata karatasi badala ya simu. Mtandao wa simu yangu aliniunganishia Salim, mwana wa Bibi ninayemhudumia, naye alikaa na simu nusu saa nzima kwa kazi ya dakika mbili. Kwa hiyo barua hii nampa Bi Zuhura wa Pangani, tuliyejuana naye kwenye soko la wanawake. Leo jioni anaondoka kwenda Muscat, na wiki hii atakuwa Tanga. Nimeifunga kwa gundi. Ukiikuta imefunguliwa, niambie.

Nilikwambia tumehama Muscat tukaja huku mji wa Ibra, kwenye nyumba ya zamani ya ukoo wao, kwa sababu Salim anaitengeneza iwe ya kulaza wageni. Ni nyumba ya udongo, ina ghorofa moja juu, imezungukwa na mitende. Lango lake ni pana, lina tao, na ukishaingia kuna ukumbi ambamo zamani ngamia waliteremshwa mizigo ya tende. Sasa limelala humo gari bovu la marehemu mume wa Bibi. Mkono wa kulia wa ukumbi huo kuna chumba kimoja kirefu. Mafundi walipoezua paa la chumba changu cha juu, Salim akaniambia nihamie hicho.

Mama, unanijua. Hata chai niliyoandaliwa na dada yangu huinusa kwanza. Nikaingia, nikakagua. Madirisha ni mawili, madogo, yako juu karibu na dari. Hata nikipanda kiti sioni nje. Sakafu ya mawe imeinama kuelekea katikati, na hapo katikati pana mfereji mwembamba unaotokea nje kwa tundu la ukutani. Kando ya ukuta pamejengwa kitu kirefu cha mawe na chokaa, kimenifika kiunoni, urefu wake mtu anatosha kulala. Nikatazama kile kitanda cha mawe, nikatazama ule mfereji, nikakumbuka ufuo tuliochimba chini ya kitanda siku aliyooshwa marehemu nyanya, ili maji yapate pa kwenda. Nikasema, basi hapa ndipo wanapooshea maiti wao, na mimi ndimo ninamolazwa.

Hilo ningelivumilia, maana maiti hamfungii mtu. Kilichonitoa jasho ni mlango. Komeo lake, la chuma, nene kama mchi, liko nje. Kwa ndani hakuna kitu, hata kamba ya kuvutia. Nikamkumbuka binti wa jirani yetu, yule aliyefungiwa stoo na tajiri wake mwezi mzima, nasi tukajua alipokwisha kurudi. Nikamwuliza Salim kwa nini komeo liko nje. Akacheka, akasema ndivyo lilivyo tangu zamani, akaenda zake. Sikukipenda kicheko kile.

Siku tatu nililala ukumbini, nimeegemea gari bovu, nikisingizia kwamba chumba kina joto. Uongo mtupu, maana kuta zile ni nene na mle ndani mna ubaridi kama wa mtungini. Begi nikalifunga. Nikapanga na Bi Zuhura kwamba leo nikienda sokoni na Bibi nisirudi, nipande naye gari la Muscat, nikaseme ubalozini. Nilijua mkataba utavunjika na mabati ya nyumba yako hayatapatikana. Nililia, lakini nilikuwa tayari.

Jana asubuhi Bibi akateremka ngazi na fimbo yake, akanikuta nimekaa juu ya begi. Yeye ni mtu wa Unguja mjini, alihamia huku akiwa msichana, na Kiswahili chake ni kile cha wazee. Akaniuliza safari ya wapi. Nikaona bora niyamwage yote: maiti, mfereji, komeo.

Akaingia chumbani, akakaa juu ya kile kitanda changu cha maiti, akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. "Mwanangu, hili hori. Mkwe wangu akilisha farasi wake hapa. Wallahi, akiwapenda kuliko wanawe."

Akanionyesha kwa fimbo. Pete za chuma za ukutani, ambazo mimi nimezitundikia kanga bila kujiuliza, ndizo walizofungiwa farasi. Mfereji ni wa mikojo yao na maji ya kuwaogeshea. Madirisha yako juu ili hewa ipite na wao wasishtushwe na wapitao. Nikaona haya, lakini kwetu nani amefuga farasi nikajua?

Haya hiyo haikunifunga mdomo. Nikamwambia, "Nimeelewa, Bibi. Farasi hawezi kujifungia wala kujifungulia, ndiyo maana komeo likawekwa nje. Na mimi je?"

Hapo hakucheka. Akamwita Salim aje na seremala. Salim akaja ananung'unika kwa Kiarabu, halafu kwa Kiswahili ili nami nisikie, kwamba komeo lile ni la kale na wageni watapenda kulipiga picha. Bibi akamwambia, "Wageni watalala juu. Humu analala mwanangu. Litoe. Khalas."

Likatolewa. Seremala akanitilia kitasa cha ndani, na ufunguo ninao shingoni. Leo nimekwenda sokoni na Bibi, na nimerudi naye. Bi Zuhura atapita kuchukua barua badala ya kunichukua mimi.

Nisalimie baba mdogo Omari, mwambie apunguze tumbaku. Msalimie shangazi Mwanaisha aliyenifundisha kusuka ukili, na shemeji fundi cherehani, ingawa gauni langu hajalimaliza tangu niondoke. Wifi naye umwambie namkumbuka.

Salim bado simwamini. Tangu asubuhi anauliza kila mtu lile komeo limewekwa wapi, na Bibi anajibu kwamba uzee umemsahaulisha. Liko ndani ya begi langu, Mama, chini ya kanga uliyonipa. Bibi mwenyewe aliniletea jana, amelibeba kwa mikono miwili.

Mwanao,
Rukia