Chumba cha Upande wa Jua

3 Machi

Kaka Bomba,

Shikamoo. Natumaini kifua kimepoa na baridi ya huko imekuachia vidole vyako vyote. Mimi sijambo. Cherehani nayo haijambo, ila siku hizi inakohoa kama mwenyewe.

Nakuandikia kuhusu nyumba. Tangu tumzike Mama nazunguka humu ndani kama mgeni aliyepotea njia ya chooni. Vyumba vitano na sebule, mtu mmoja. Mchana nikishona sebuleni nasikia milango ya nyuma ikivutana na upepo, na kwa kitambo kidogo naamini nyumba imejaa watu, kwamba nikiinua macho nitamwona Baba anapita na taulo begani. Nainua macho, ni pazia.

Nimeamua kupangisha. Kuna bwana ameshakuja mara mbili kutazama, mtanashati, ananukia kuanzia getini. Nimempa jina Bwana Manukato. Anasema hata kesho anahamia. Mimi nataka kwanza nipake rangi ya bluu, ile ya mawingu. Wewe unatunza jengo zima la ghorofa huko, mambo ya wapangaji unayajua. Nianzie wapi? Na chumba cha wazazi nakifanyaje?

Mdogo wako,
Sindano

22 Machi

Sindano mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima, vidole vipo. Jana mchana, nilipojilaza baada ya kuzibua mabomba ya ghorofa ya tatu, niliota natembea ndani ya nyumba yetu, na kila mlango niliofungua ulinipeleka kwenye chumba ambacho hatukuwahi kuwa nacho. Kimoja kilikuwa na maji safi hadi magotini, na Mama yumo anafua, anaimba, wala hashangai kuniona. Nimeshinda nayo kichwani leo kutwa.

Sasa nisikilize. Rangi iache. Mchana wa jua kali panda darini, ukae humo kimya utafute vitobo vya bati. Mpangaji atausamehe ukuta mchafu, ila tone la mvua kwenye godoro lake hatalisamehe. Ukimaliza bati tengeneza mabomba, kisha nyaya. Rangi iwe ya mwisho kabisa. Kila chumba kiwe na mita yake ya umeme, maana vita vya wapangaji huanzia kwenye pasi ya mtu. Andika mkataba hata kama mtu ana sura ya malaika: analipa lini, nani anatengeneza nini kikiharibika, taarifa ya muda gani kabla ya kuhama. Chukua dhamana kabla hujatoa ufunguo. Na kila ukipokea kodi, sehemu yake iweke kando kwa matengenezo na ujifanye huioni.

Huyo Manukato usimnuse. Nenda alikokuwa anakaa, umwulize mwenye nyumba wake swali moja: "Ungempokea tena?" Mtazame usoni kabla hajajibu.

Chumba cha wazazi usikiguse. Kifunge.

Kaka yako,
Bomba

6 Juni

Kaka,

Shikamoo. Hali yangu njema, na ya kwako naiombea. Cheka kwanza ndipo usome.

Barua yako ilinikuta nimeshampa Manukato ufunguo. Mpole kuliko sabuni. Siku moja nimetoka kupeleka nguo za mteja, narudi nakuta mlango wake uko wazi. Yaani hakuna mlango! Amebeba mlango, bawaba, balbu na koki ya bafuni. Maji yametiririka hadi uani, yanang'aa juani kama shuka jipya. Nilisimama katikati ya maji hayo nikacheka mpaka jirani akaja kuuliza kama nimefiwa. Ndipo nikalia, lakini kidogo.

Sasa nimekuwa mwanafunzi mzuri. Nilipanda darini kama ulivyosema. Kaka, giza lote lilikuwa na nyota! Nilikaa humo nikasahau kilichonipandisha, na fundi alipoanza kuziba huko juu, moja baada ya nyingine, nilitamani kumwambia aniachie hata mbili. Chumba cha uani nimempa kinyozi. Mwenye nyumba wake wa zamani nilipomwuliza swali lako alisema, "Nilimbembeleza asihame." Vyumba viwili vya mbele wamo walimu, watu wa kusahihisha madaftari na kulala.

Lakini chumba cha wazazi kinaumwa. Nilikifungua nikakuta ukuta una jasho na mchwa wameanza kupanda kabati. Na kuna mwanamke anafanya kazi pale kwenye tanuri la mikate, mjamzito, mumewe dereva wa malori ya safari ndefu. Alisimama mlangoni mwa chumba hicho, hakuingia, akasema taratibu, "Dada, humu jua linaingia lenyewe bila kuitwa." Anakitaka. Nimjibu nini?

Mdogo wako,
Sindano

30 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Nilivyosoma barua yako nilikasirika. Nilikwenda kazini nimenuna, nikamgombeza hata bibi wa watu ambaye kosa lake ni kuwa na sinki lililoziba. Baadaye nikiwa nimepiga magoti chini ya sinki hilo nikajisikia mjinga. Kila mtu anayeniuliza mambo ya nyumba namwambia kwamba chumba kisichokaliwa hufa haraka kuliko kinachokaliwa vibaya. Wengine wote wanapata ushauri huo, dada yangu mwenyewe namnyima?

Mpe. Ua mchwa kwanza, ukuta uukaushe, dirisha lishinde wazi. Mkataba uwe wa mwaka mzima. Na akishaingia, hicho ni chumba chake: usiingie bila kubisha hodi, wala usimtoe kwa ajili ya ndugu, hata huyo ndugu awe mimi.

Kabati la Baba lisogeze tu, usiliuze.

Kaka yako,
Bomba

19 Septemba

Kaka Bomba,

Shikamoo. Hujambo lakini? Mvua imenyesha siku tatu na ndani hakuna hata tone.

Mama wa mikate amejifungua mtoto wa kike. Uchungu ulimshika asubuhi, gari halikupatikana, muuguzi wa mtaa wa pili akaja mbio na ndala za miguu tofauti. Amezaliwa palepale, Kaka, chumbani kwa wazazi, jua likiwa limefika katikati ya kitanda. Kinyozi alisimama uani ameshika taulo zake zote, hajui ampe nani.

Sasa nyumba ina harufu ya unga na maziwa. Mchana mtoto akilala sote tunanong'ona, hata wateja wangu wanapimwa kwa kunong'ona, na saa zinapita kama zimevaa soksi. Wakati mwingine nasimamisha cherehani bila sababu, nasikiliza tu. Siogopi tena milango ikivutana.

Mbona barua zako zimekuwa chache? Andika hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Sindano

11 Januari

Sindano,

Hujambo? Mwambie mama wa mikate ahame. Nakihitaji chumba cha wazazi mwisho wa mwezi ujao. Usiniulize sababu.

Kaka yako

28 Januari

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Wewe je? Nauliza kwa dhati, maana barua yako haikusema.

Miezi yote hiyo kimya, halafu unanitumia amri inayotosha kwenye kiganja. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta kaka yangu yuko wapi humo ndani, sikumwona. Jibu langu ni hapana. Yule mwanamke halipi kwa kuchelewa, hagombani na mtu, ana mtoto anayeanza kukaa, na ana mkataba wa mwaka ambao wewe ndiye uliyenifundisha kuuandika. Wewe ndiye uliyesema nisimtoe kwa ajili yako. Nikimtoa leo kwa sababu damu imeniita, kesho kinyozi ataanza kufunga mizigo, na atakuwa na haki.

Kasirika ukipenda. Lakini niambie jambo moja: mbona barua imeandikwa kwa penseli, na anwani si ya jengo lako ila ya duka la viatu?

Mdogo wako,
Sindano

5 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Marahaba. Nilitaka kuandika kwamba mimi mzima, kalamu ikakataa.

Jengo liliuzwa. Mwenye jengo mpya alikuja na mafundi wake, nikakabidhi funguo zote, na kile chumba changu kilikuwa cha kazi, kwa hiyo kikaenda na kazi. Nalala chini ya ghorofa anayoitunza rafiki mmoja, kwenye chumba cha mitambo ya maji moto. Hakuna dirisha. Mwenye duka la viatu ananipokelea barua. Nauli ninayo, niliilinda hata nilipokosa vingine. Kilichokosekana ni mahali pa kufikia, na nikaona haya kukuambia. Nimetengeneza vyumba vya watu maisha yangu yote, Sindano. Usiku na mchana humu havitofautiani, basi nimekuwa naota macho wazi: nasikia maji yakipita ukutani, nafuata sauti yake, nafika kwetu, nabisha hodi, na anayefungua ananiuliza namtafuta nani.

Ulifanya sawasawa kunikatalia. Ungekubali, ningefika humo nikalala vibaya. Mama wa mikate asijue lolote. Mimi nitapata pa kujishikiza, usihangaike.

Kaka yako,
Bomba

21 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Sikuulizi hali, nimeshaijua.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa chini sakafuni. Mama wa mikate alinikuta hapo. Nisamehe, nilimwambia. Alikwenda akafunga nguo za mtoto kwenye kitenge, akarudi, akasema, "Dada, mimi natoka leo." Nikamwambia, "Ukitoka humu nitakushtaki kwa kuvunja mkataba." Tukalia wote wawili, mtoto akatushangaa.

Haendi popote. Ila sebule yetu haikuwa na kazi yoyote zaidi ya kunitazama nikishona. Cherehani nimeihamishia barazani, na wateja wanapapenda, wanasema huko wanaonekana na wapita njia. Seremala amekata sebule kwa ukuta wa mbao na walimu wameshika mbao upande wa pili, mmoja akisema umepinda, mwingine akisema haujapinda. Tumetoboa dirisha kubwa. Kitanda kimeingia. Kinyozi anauliza kama kweli wewe ni fundi bomba, kwa sababu bomba la bafuni linalia kama paka na wote tumemkataza asiliguse.

Hiki chumba hakina mkataba, wala sikupangishi. Ni cha kwako. Jana mchana nilijilaza humo kidogo kujaribu kitanda. Mwanga ulikuwa unatembea ukutani polepole, mtoto anacheka mahali fulani ndani ya nyumba, nikasinzia, nikasahau mimi ni mtu mzima.

Usijibu barua hii. Nikiona barua yako nitajua bado uko huko, na sitaifungua.

Mdogo wako,
Sindano