Ipo, Inafanya Kazi

Jumatatu, 7 Aprili
Mvua tangu alfajiri. Nimefika ofisini Mlabani viatu mkononi. Deo kanitangulia, kakaa mgongo ukutani asije mtu akaona skrini yake. Mfumo wetu una kazi moja: maji ya mto yakipanda, wakulima wa bondeni wapate meseji wahame. Sisi wengine tunapaka vitufe rangi. Meseji zinatokaje, anajua Deo peke yake. Nimemuuliza tena. "Ipo, inafanya kazi." Jibu hilohilo tangu niajiriwe. Simpendi. Hilo naliandika hapa nisije nikalisahau kwenye kitubio kanisani.

Ijumaa, 11 Aprili
Dada Beata, mkuu wetu, kaweka utaratibu: kila Ijumaa mmoja awafundishe wenzake anachokijua. Zamu ya Deo. Katufundisha kusafisha kibodi kwa mswaki. Kwa slaidi. Masanja, mdogo wetu kazini, akauliza meseji zinapitia wapi.
"Dogo, hayo yana shule yake."
Mimi akaniita fundi wa kibanda, maana kompyuta nilijifunzia duka la fotokopi Kibaoni, bila cheti. Kweli. Ila pale dukani niliwaona wengi waliokumbatia mabegi kwa nguvu. Ndani mlikuwa na cheti cha ubatizo na andazi.

Jumatano, 16 Aprili
Deo kapanda Mahenge kula Pasaka. Hakuaga. Masanja anasema kwao Usukumani mchungaji akiugua ng'ombe hawalali na kiu, kila mtoto anajua njia ya majini. "Nyie Wapogoro mnazikwa na siri zenu." Nikamwambia huyu mmoja mchukueni bure.
Mvua ikazidi. Dada yangu Flora yuko shambani Mofu, ng'ambo ya mto, kwenye dungu la kulindia mpunga, na wanawe. Kila masika kuna wazushi wa mafuriko. Mimi mwenyewe nilimwambia: usisikilize maneno ya watu, subiri meseji ya ofisi.

Jumamosi Kuu, 19 Aprili
Mto umepanda. Skrini nyekundu. Nikampigia Flora.
"Meseji mbona haijaja? Acha uoga, wewe."
Akakata.
Deo hapatikani. Dada Beata akaifungua kompyuta ya Deo. Tukatafuta njia ya meseji. Zote zinakwenda kwenye simu moja, ile ndogo anayotembea nayo Deo. Simu hiyo ndiyo inayowatumia wakulima. Hakuna mtambo. Hakuna shule. Simu ya mfukoni, na iko milimani bila mtandao.
Nimetukana. Jumamosi Kuu.
Tukagawana namba za wakulima, tukapiga mmoja mmoja. Wengine wakatuita matapeli. Flora hakupokea tena. Nikachukua simu ya Masanja, namba asiyoijua, nikamwandikia maneno yaleyale ya mfumo: MTO UMEPANDA. HAMENI SASA.
Akahama.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili
Flora na watoto wamelala darasani, salama. Dungu limekwenda. Mpunga wote uko chini ya maji. Anaisifu ofisi yetu: "Meseji yenu ilituwahi." Sikumwambia. Namchukia Deo kwa utulivu kabisa.

Jumatano, 23 Aprili
Deo karudi na mkungu wa ndizi. Jana, basi lake liliposhuka mlimani, meseji zote zilizokwama zikatoka kwa mpigo. Jua linawaka, watu wakakimbia upya. Nikamwambia mbele ya wote: "Ulitembea na roho za watu mfukoni kama pakiti ya sigara."
Kauweka mkungu chini. Halafu kasema ile simu ilikuwa ya majaribio tu. Watu wakaanza kumwita mtaalamu, akaona aibu kusema ni simu.
Nilijaribu kumwonea huruma. Ikakataa.
Ndizi nimekula.

Ijumaa, 2 Mei
Dada Beata kanikabidhi mimi ile simu. Laini imesajiliwa kwa kidole changu. Inakaa kwenye droo yangu, na ufunguo ninao mimi. Wiki hii nasalimiwa vizuri mno. Hata chai naletewa.
Mchana Masanja kaniuliza simu inaunganishwaje na kompyuta.
"Ipo," nikasema. "Inafanya kazi."
Yalitoka yenyewe. Deo akainua macho.
Mvua ilikuwa imekatika. Nikafungua droo, nikaiweka simu katikati ya meza. Nikamvutia Masanja kiti. Deo kiti chake alikivuta mwenyewe.