Mchunga Uliochemshwa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai kikohozi chako cha asubuhi kimekwisha na ngazi za nyumba hazikuchoshi tena. Mimi huku Ujerumani ni mzima, nimenenepa kidogo, na baridi siiogopi kama mwaka wa kwanza.

Mzigo wako wa majani makavu ya mchunga umefika jana. Nilipouona mwandiko wako nilifurahi hata mwenzangu wa chumbani akadhani nimeposwa. Unakumbuka ulivyonicheka siku ya kuagana? "We mwana, wavuka bahari kwenda kusoma ukoo wa magugu!" Ndiyo hasa kazi yangu. Mimea ya jamaa ya alizeti hufanana mno kwa sura, lakini kila mmoja una kemikali zake. Tunaroweka majani kwenye spiriti, tunadondosha tone kwenye karatasi, tunaisimamisha karatasi ndani ya dawa, na kemikali hupanda nayo zikajitenga madoa madoa. Kwa madoa hayo tunajua nani ndugu wa nani. Mwalimu wangu anashikilia kwamba mchunga wetu wa kisiwani ni uleule wa bara alio nao kabatini. Mimi nasema ni ndugu tu. Nikithibitisha kabla ya majira ya joto, nimemaliza masomo. Nisipoweza, nabaki mwaka mwingine.

Basi leo nikayapima majani yako. Karatasi nyeupe, haina hata doa moja! Nikarudia mara tatu, mwalimu kasimama nyuma yangu. Mwisho nikatafuna jani moja, halina uchungu hata chembe, nikaangua kicheko. Mama, umeyachemsha! Umeyakamua vizuri, ukamwaga maji uani, ndipo ukayaanika. Na ule uchungu ulioumwaga ndio niliokuwa nikiutafuta.

Kicheko kilipokwisha nilikasirika dakika tano. Kisha nikakumbuka nilipokuwa mdogo, ukinichemshia mchunga mara mbili ili nisikunje uso. Jioni nimeyapika yaliyobaki, bila nazi, na nimeyala yote. Nimefurahi sana, mama.

Sasa nakuomba urudi kule Mpendae, nyuma ya nyumba ya shangazi, uchume mchunga mwingine. Uuanike kivulini ukiwa mbichi, usiupitishe jikoni kabisa.

Nisalimie shangazi, na ami yangu muuza vitambaa wa Darajani, na mdogo wangu Salma, umwambie viatu vyake nimeshavinunua.

Safari hii usinionee huruma, mama. Uchungu huo ndio utakaonirudisha nyumbani.

Mwanao akupendaye,
Zuhura