Gavana Aliyepangiwa Siku ya Nkwo

Ofisi ya Gavana
27 Februari 1978

Mama mpendwa,

Naandika kwa sababu moja: naomba uujaze watu uwanja wa shule ya Umuagbala Ijumaa, tarehe 10 Machi, saa nne asubuhi.

Mguu wako unaendeleaje? Mimi ni mzima. Kanali Gyang, aliyetangazwa redioni kuwa gavana wetu baada ya yule wa kwanza kuhamishwa, amenikabidhi mimi, mgeni kazini, maandalizi ya ziara yake huko. Ratiba ameshaitia sahihi. Wewe ni kiongozi wa akina mama wa soko, ukitamka, watatoka. Nikifaulu, nitathibitishwa kazini.

Mwanao mtiifu,
Okwudili

Umuagbala
2 Machi

Baba yangu,

Mguu umepoa. Wewe unakula?

Haya, niambie: chuo kikuu kilikufutia kichwani juma letu la siku nne? Tarehe 10 ni Nkwo, siku yetu ya soko! Nani ataacha soko kuu akasimame juani kumpigia mtu makofi? Huyo Kanali wako atapokewa na mbuzi wa mwalimu mkuu. Badilisha siku.

Mama yako

Ofisi ya Gavana
4 Machi

Mama mpendwa,

Natumaini u mzima. Mimi usingizi umenipaa. Nilihesabu Ijumaa, Nkwo haikunijia akilini kabisa, na sasa ziara imetangazwa redioni. Unakumbuka gavana aliyetangulia alipoukuta uwanja wa Amaeze mtupu: alidhani amesusiwa, wazee wakawekwa rumande. Nawahofia Mazi Ofodile na wazee wenzake kuliko ninavyoihofia kazi yangu. Nifanyeje?

Okwudili wako

Umuagbala
7 Machi

Baba yangu,

Huku wazima, ila wazee wameanza kukohoa kwa hofu. Nenda kamwambie ukweli mwenyewe, kabla hajapanda gari. Anataka watu? Watu wako sokoni. Mlete.

Mama yako

Ofisi ya Gavana
12 Machi

Mama mpendwa,

Nakusalimu kwa moyo mweupe. Nisamehe kwa kupita mbele ya kibanda chako bila kukuamkia; itifaki ilinibana nyuma ya Kanali.

Nilipomweleza Kanali yote, hata hao mbuzi wa mwalimu mkuu, nilijiona nimeshafukuzwa. Kisha akasema, "Kijana, ulitaka nihutubie mbuzi?" Akacheka, akaagiza gari lielekee sokoni.

Ulimsikia muuza viazi vikuu? "Mwanajeshi, vua hiyo miwani! Sijui kupatana bei na mtu nisiyemwona macho." Akaivua! Ndipo wakamzunguka: daraja limebomoka, zahanati haina dawa, maji hakuna. Hotuba yangu ya kurasa tisa haikutoka mfukoni.

Njiani kurudi alisema, "Viwanja vyote nilimohutubia vilijazwa wanafunzi. Leo ndiyo mara ya kwanza watu kunijibu." Hakuna mzee atakayeguswa. Mwambie Mazi Ofodile alale.

Kuthibitishwa hakukutajwa, nami sikuuliza. Nimeomba ruhusa ya siku moja nije kukuamkia kama mtoto anavyopaswa: Jumapili, tarehe 19 Machi, saa nane mchana, mlangoni pako.

Mwanao,
Okwudili